Barua ya wazi kuhusu sepsisi: jeni inayowaua watoto wetu tunaijua, kwa nini hatuipimi?

Kwa:
Viongozi mnaosimamia afya ya mama na mtoto, wizarani na mikoani,
Wakuu wa taasisi za utafiti wa tiba,
Waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa.

YAH: VINASABA NA UHAI WA WATOTO WENYE SEPSISI, NA OMBI LA KUPIMA SELIMUNDU KWA KILA MTOTO ANAYEZALIWA

Waheshimiwa,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Naandika kwa niaba yangu, kwa niaba ya wenzangu kadhaa wa zamu, na kwa niaba ya wazazi walioniruhusu kuyasema yaliyowapata bila kutaja majina yao. Haya tumekwisha kuyapeleka kwa njia za kawaida: kwenye vikao vya asubuhi, kwenye vikao vya kujadili vifo, na kwa barua zilizopitia ngazi zote zinazotakiwa. Barua zilipokelewa na kugongwa muhuri. Kwanza tuliambiwa suala linafanyiwa kazi, baadaye tukaambiwa bajeti ya mwaka imeshafungwa, na baada ya hapo hatukuambiwa kitu. Ndiyo maana leo tunasema hadharani, kwa heshima ile ile tuliyokuwa nayo ndani ya vikao.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni sepsisi. Mzazi huwa tunamwambia "maambukizi yameingia kwenye damu", na wengi wanaelewa. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliueleza upya: ni hali ya kuhatarisha maisha inayotokea pale mwili, katika kupambana na maambukizi, unapopoteza mpangilio na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe, mapafu, figo, moyo, hata ubongo. Maelezo hayo yalitutaka tuutazame mwili wa mgonjwa sawasawa na tunavyomtazama bakteria. Watoto wawili wanaweza kulazwa siku moja wakiwa na bakteria wa aina moja, wakachomwa dawa ile ile kwa kipimo sahihi, mmoja akarudi nyumbani baada ya wiki na mwingine akafa usiku wa kwanza. Utapiamlo unachangia, kuchelewa kufika kunachangia, upungufu wa damu unachangia. Na alichorithi kwa wazazi wake kinachangia pia.

Hili la kurithi halikuanza jana. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Mtu ambaye mzazi wake wa kumzaa alikufa kwa maambukizi kabla ya kufikisha miaka 50 alikuwa na hatari karibu mara 6 ya kufa naye kwa maambukizi. Mlezi akifa kwa maambukizi, hatari ya mtoto aliyemlea haikupanda. Walikula chungu kimoja na walezi wao na kulala nyumba moja nao, lakini hatari waliirithi kwa wazazi waliowazaa.

Na ukubwa wa tatizo mnaujua. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020, watu milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani mwaka 2017 na milioni 11 walikufa, yaani karibu kifo 1 katika kila vifo 5. Wagonjwa 85 katika kila 100 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziiweke sepsisi katika mipango yao ya afya. Nchi yetu ni mwanachama.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Selimundu tunaigundua mtoto akishakuwa mahututi

Tunaposikia "vinasaba na sepsisi" wengi wetu tunafikiria mashine za gharama katika vyuo vikuu vya mbali. Lakini jeni inayobadilisha kwa nguvu kubwa uwezekano wa mtoto wa Kiafrika kufa kwa maambukizi ya damu inajulikana kwa miaka mingi, na kipimo chake ni tone moja la damu ya kisigino.

Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, kwa baba na kwa mama huzaliwa akionekana mzima. Miezi ya kwanza hulindwa na hemoglobini aliyozaliwa nayo. Hiyo inapopungua, chembe nyekundu huanza kujikunja na kuziba mishipa midogo, na kiungo kinachoharibika mapema ni bandama. Bandama ndilo linalochuja bakteria wenye ganda, hasa nyumokokasi, kabla hawajaenea mwilini. Likishaharibika, mtoto anayecheza uani asubuhi anaweza kuwa na homa mchana na asiuone usiku. Bandama la aina hiyo haliponi kwa dawa ya malaria, wala mama hawezi kulitambua kwa kumtazama mtoto.

Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu walikuwa na uwezekano mara 26 zaidi wa kukutwa na bakteria kwenye damu kuliko watoto wasio na ugonjwa huo. Nyumokokasi peke yake alikuwa na asilimia 41 ya maambukizi hayo, salmonela asilimia 18, na hemofilasi aina ya b asilimia 12. Nawaomba mrudie kuisoma namba hiyo ya 26. Katika kazi yangu sijawahi kuona kihatarishi kingine cha kurithi chenye uzito huo ambacho hatukipimi.

Na hawa si watoto wachache. Utafiti uliofanyika kupitia maabara ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2020 ulipima matone makavu ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wa selimundu, na asilimia 20.3 walibeba jeni moja. Maana yake, katika kila watoto 1,000 wanaoletwa kupata chanjo kwenye kliniki zetu, 12 hivi wana ugonjwa ambao kadi zao za kliniki haziutaji.

Sampuli zile zilitoka wapi? Zilikuwa zimeshachukuliwa tayari kwa ajili ya kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga. Kadi ya kukaushia damu ilikuwepo, muuguzi wa kuchoma kisigino alikuwepo, gari la kusafirisha lilikuwepo, maabara ilikuwepo. Uganda ilifanya hivyo kabla yetu, ikapima sampuli zaidi ya 97,000 na kuchora ramani ya selimundu ya nchi nzima. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba miundombinu haipo, tunashindwa kuelewa.

Kinachotakiwa kufanyika baada ya kupima nacho kinajulikana. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watoto wadogo wenye selimundu. Katika 105 waliopewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, 2 walipata maambukizi makali ya nyumokokasi. Katika 110 waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 13, na 3 kati yao walikufa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine dawa. Penisilini, waheshimiwa, ni dawa kongwe ambayo hata zahanati ya kijijini inaijua. Jamaica ilianza kupima watoto wachanga Kingston mwaka 1973. Jimbo la New York lilianza mwaka 1975.

Kisha kuna haidroksiurea. Jaribio lililofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, likachapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba watoto wenye selimundu waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache zaidi, malaria kidogo zaidi, maambukizi mengine machache zaidi, na vifo vilipungua. Wengi wa hao ni watoto wa majirani zetu, wenye mbu na salmonela kama wa kwetu.

Mama mmoja, ambaye mtoto wake wa pili aligundulika kuwa na selimundu siku ile ile aliyofariki, aliniuliza kwa nini hakuambiwa alipofiwa na yule wa kwanza. Kifo cha yule wa kwanza kiliandikwa malaria. Sikuwa na jibu la kumpa, na ninaamini swali lake linawahusu ninyi zaidi kuliko mimi.

2. Malaria inaficha maambukizi ya damu, na chupa za kuotesha damu hazipo

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha mengi, sisi ni mashahidi. Lakini kimetuzoesha kusimama hapo hapo. Mstari wa pili ukionekana, mtoto anapewa dawa ya mseto na tunaona kazi imekwisha. Usipoonekana, anapewa antibayotiki yoyote iliyopo kabatini.

Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliotesha damu ya watoto 3,639 waliolazwa na homa, yaani waliiweka kwenye chupa maalumu ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Watoto 341 walikuwa na maambukizi makali ya bakteria. Katika hao, 58 walikufa, yaani asilimia 17, wakati kwa watoto wasio na bakteria vifo vilikuwa asilimia 3.8. Watoto 100 kati ya hao 341 walikuwa na malaria pia kwenye slaidi ya hadubini. Kama tungeishia kwenye slaidi, wote 100 wangeandikwa malaria. Bakteria aliyeongoza alikuwa salmonela, yule asiyeleta homa ya matumbo ya kawaida bali huingia moja kwa moja kwenye damu.

Kilifi nako, kati ya 1998 na 2002, zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini vilihusisha bakteria kwenye damu, na theluthi moja ya watoto hao walikufa siku ile ile waliyolazwa. Haya tunayajua kwa sababu kulikuwa na maabara inayootesha damu ya kila mtoto anayelazwa. Kwenye hospitali nyingi za wilaya chupa za kuoteshea hazipo, au zipo wakati wa mradi tu. Bila kuotesha damu hatujui nani ana bakteria gani, dawa gani bado inafanya kazi, wala hatuwezi kuzungumzia vinasaba vya wanaopona na wanaokufa, maana hatuna hata orodha yao.

Hapa niongeze jambo ambalo mimi binafsi limenibadilisha mtazamo. Mtoto mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa na malaria kali, hilo tulifundishwa chuoni. Kilifi walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kwamba mtoto huyo hukingwa pia na bakteria kwenye damu, kwa sababu malaria yenyewe humfungulia bakteria njia. Kati ya 1999 na 2007 watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Waliolazwa kwa bakteria kwenye damu nao wakapungua, kutoka 2.59 hadi 1.45, na kinga ile ya jeni dhidi ya bakteria ikafifia kadiri malaria ilivyopungua. Jeni ile ile, wilaya ile ile, lakini uzito wake ulibadilika mbu walipodhibitiwa. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba kilichomo kwenye vinasaba ni majaliwa ambayo hatuwezi kuyagusa. Chandarua kinaweza kubadilisha kazi ya jeni.

3. Utafiti wa nani anapona sepsisi umetuacha nje

Mwaka 2015 lilichapishwa mojawapo ya matokeo yanayotajwa sana kuhusu vinasaba na kupona sepsisi. Watafiti walipitia jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya wagonjwa watu wazima waliolazwa vyumba vya mahututi. Kwa wale ambao sepsisi yao ilitokana na nimonia, tofauti ya herufi moja katika jeni iitwayo FER ilitenganisha hatima zao ndani ya siku 28: waliobeba nakala mbili za aina yenye kinga walikufa asilimia 9.5, waliobeba moja asilimia 15.2, na wasiobeba kabisa asilimia 25.3. Ni tofauti kubwa mno. Lakini wagonjwa wote walikuwa weupe, wenye asili ya Ulaya. Matokeo hayo hayamwambii daktari wa hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, au ya Muhimbili, Dar es Salaam, chochote cha uhakika kuhusu mgonjwa aliyelala mbele yake.

Na hatuwezi kusema tungoje Ulaya imalize kazi kisha tunakili. Mwaka 2016 uchunguzi wa watoto wa Kenya ulipata badiliko la kinasaba linaloongeza zaidi ya mara mbili hatari ya nyumokokasi kuingia kwenye damu. Badiliko hilo linapatikana kwa watu wenye asili ya Afrika tu. Kati ya nakala zote za kinasaba hicho, lilikutwa kwenye asilimia 2.7 za watoto wa kulinganishia na asilimia 6.4 za watoto waliougua. Hata wangepimwa watu milioni moja wa London wenye asili ya Uingereza, lisingeonekana. Mwaka 2018, uchunguzi wa watoto wa Kenya na Malawi ulihusisha jeni ya STAT4 na hatari ya salmonela kwenye damu, salmonela yule yule aliyeongoza Muheza. Maswali ya salmonela hayatajibiwa na nchi ambazo watoto wao hawaugui salmonela.

Pamoja na hayo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti za jenomu nzima duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu walikuwa wa asili ya Afrika. Hayo ni pamoja na kwamba Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote.

Sitaki kuonekana nauza ndoto. Si kila jeni inayotangazwa husimama. Miaka ya mwanzo zilichapishwa tafiti nyingi ndogo ndogo zilizotaja jeni hii na ile, na nyingi hazikuthibitishwa ziliporudiwa. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba watu wenye aina fulani za jeni ya PCSK9, ambayo kazi yake inayojulikana ni kurekebisha kolesteroli, hupona zaidi sepsisi kali. Tafiti kubwa zilizofuata hazikukubaliana na hilo. Hatuombi kipimo cha FER wodini kesho. Tunaomba watoto wetu wahesabiwe wakati maarifa haya yanatengenezwa, na sampuli zinazochukuliwa kwao ziwafae.

Hapa kuna jambo linalowauma wazazi. Wanasaini fomu, mtoto anatolewa damu, watafiti wanashukuru na kuondoka. Baada ya hapo harudi mtu kusema kilichopatikana. Mzazi ambaye mtoto wake amegundulika, katikati ya utafiti wa jambo lingine, kuwa na selimundu ana haki ya kuambiwa wiki hiyo hiyo na kuelekezwa kliniki. Nimeona fomu ambazo hazina kifungu hicho.

4. Miongozo tunayoletewa haikupimwa kwa wagonjwa kama wetu

Hili nalisema kwa ufupi maana linajulikana. Mwaka 2011 jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, lilionyesha kwamba kuwamiminia maji ya mshipani kwa haraka, kama miongozo ya nchi tajiri ilivyosema, kuliongeza vifo: asilimia 10.6 na 10.5 ndani ya saa 48 kwa waliomiminiwa, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Zambia, kwa watu wazima, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalifanana na hayo: vifo hospitalini asilimia 48.1 kwa waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha presha, na 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Sidai kwamba tofauti hiyo imetokana na jeni. Malaria, upungufu wa damu, lishe na kukosa mashine za kupumulia vina nafasi kubwa. Ninachodai ni kwamba mwili wa mgonjwa na mazingira yake vinabadilisha matokeo ya tiba, na haiwezekani kuyajua bila kupimwa hapa.

Hata hesabu ya chembe nyeupe inatupotosha. Vigezo vya zamani vya sepsisi vilihesabu chembe nyeupe chini ya 4,000 kuwa dalili ya hatari. Waafrika wengi, kwa sababu ya badiliko la jeni ya Duffy lililoenea kwetu, wana chembe nyeupe chache wakiwa wazima kabisa. Maabara nyingi bado zinachapa viwango vya kawaida vilivyotengenezwa kwa watu wengine.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema fedha hazitoshi. Tunajua bajeti ni finyu. Lakini fedha zinatumika hata sasa: kwenye damu ya kuongezewa, kwenye siku za kulazwa, kwenye antibayotiki za bei kubwa anazopewa mtoto ambaye penisilini ya kumeza ingemkinga. Vipo pia vipimo vya haraka vya selimundu vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache bila umeme. Kama nchi nzima haiwezekani mwaka huu, ianze mikoa ambayo takwimu zake zipo tayari.

Mtasema kwanza oksijeni, antibayotiki na wauguzi wa kutosha. Hili ni jibu la haki na sisi ndio tulio wa kwanza kuliunga mkono, kwani mitungi ya oksijeni tunaivuta wenyewe. Ila hatuoni kwa nini moja liwe kikwazo kwa jingine. Mtoto mwenye selimundu aliyetambuliwa mapema anapunguza foleni ya oksijeni.

Mtasema watu wataogopa, ndoa zitavunjika, mama atalaumiwa na wakwe. Hofu hiyo ni ya kweli. Nimewaona wanawake wakirudishwa kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Kinachoondoa lawama ni elimu inayotolewa kwa baba na mama pamoja, kwamba jeni imetoka pande zote mbili. Ukimya haujamlinda mwanamke yeyote, kwa kuwa watoto wakifa mfululizo bila sababu kujulikana huitwa mwenye mkosi au mchawi.

Mtasema upimaji upo tayari. Upo, katika baadhi ya hospitali na miradi, na walioanzisha, wakiwemo wataalamu wa Muhimbili waliojenga kliniki ya selimundu tangu 2004, wanastahili shukrani ya nchi. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye zahanati ya kisiwani ziwani naye ana bandama.

Tunachoomba

Kwanza, selimundu ipimwe kwa kila mtoto mchanga, kuanzia mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa kutumia njia ya matone makavu ya damu inayotumika kupima virusi vya Ukimwi na kwa vipimo vya haraka pale maabara ilipo mbali. Jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Pili, kila mtoto atakayegundulika aanzishiwe penisilini kabla hajafikisha miezi mitatu, apate chanjo zake zote, ikiwemo ya nyumokokasi iliyopo nchini tangu 2013, na haidroksiurea ipatikane bila malipo kwenye hospitali za wilaya na si za rufaa tu. Mama apewe maelekezo ya maandishi kwamba homa ya mtoto huyu ni dharura, na maelekezo hayo yamruhusu kupita foleni.

Tatu, kila hospitali ya wilaya iwe na uwezo wa kuotesha damu kila siku ya mwaka, mradi uwepo au usiwepo, na matokeo yakusanywe kitaifa.

Nne, utafiti wowote wa sepsisi au homa kali utakaopewa kibali uwe na mpango wa kuhifadhi na kuchambua sampuli ndani ya nchi kwa kadiri inavyowezekana, uwe na wachambuzi wetu wanaolipwa na kusomeshwa, na uwe na kifungu kinachowalazimisha watafiti kumrudishia mzazi jibu lolote linaloweza kuokoa maisha ya mtoto. Wodi iliyotoa sampuli nayo isomewe matokeo kwa Kiswahili.

Tano, mwongozo wa taifa wa tiba ya sepsisi uandikwe upya kwa kuzingatia tafiti za Afrika, pamoja na viwango vya chembe nyeupe vya watu wetu, na hali ya selimundu iwe swali la kwanza kwenye fomu ya kumpokea mtoto mwenye homa.

Tunaomba tujibiwe kwa maandishi, hoja kwa hoja, ndani ya siku 60, na jibu litaje ofisi itakayohusika na tarehe ya kuanza. Tukiitwa tutakuja, na tutakuja na kumbukumbu za vikao vya vifo zikiwa zimeondolewa majina. Wazazi watatu wamekubali kuja nasi na kuzungumza wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, wodi ya watoto
Kanda ya Ziwa

Nakala:
Wabunge wa mikoa ya Kanda ya Ziwa
Wazazi na walezi wa watoto wenye selimundu
Wauguzi na matabibu wa wodi za watoto nchini